Majina Ndani ya Shairi la Gao

Kisyeri alikuwa amekwisha kuchovya tonge la kwanza kwenye mlenda simu ilipoita. Namba hakuijua. Akapokea kwa mkono wa kushoto, tonge likimsubiri mkono wa kulia.

"Mzee Kisyeri? Shikamoo. Naitwa Agustina, nafanya kazi hotelini huku Ikoma."

"Marahaba. Hotelini? Mama, umekosea namba. Mimi hotelini sijalala hata kwa bahati mbaya."

Yule dada akacheka. "Sijakosea, babu. Si wewe mpiga litungu, uliyekuwa mlinzi kwenye kambi ya Wachina wa barabara?"

"Ndiye."

"Basi una mgeni. Ni binti wa Bwana Gao, anaitwa Min, ametoka kwao China. Baba yake alifariki mwaka jana, huko walikomhamishia kazi. Kwenye daftari lake aliandika kwamba shairi alilomlilia mkewe amekuachia wewe. Kesho asubuhi nitamleta hapo Mugumu, mimi nilisomea Kichina chuoni, nitawatafsiria. Umelitunza, babu, eti?"

Kisyeri akalitazama lile tonge.

"Njooni," akasema.

Simu ilipokatika, akalirudisha tonge kwenye sahani. Boke, binti yake, ndiye mwenye ule mgahawa karibu na soko la Mugumu, na baba yake alifikia kwake kila miguu ilipochoka kuzurura. Boke alikuwa akimenya ndizi. Alimjua baba yake: huyu si mtu wa kurudisha tonge.

"Tata, nani kafa?"

"Darubini."

"Yule Mchina wako?"

"Huyo. Na amana yake nimeila, Boke. Alinipa sauti ishirini nimwekee. Zimebaki tano."

Boke hakuelewa, ikabidi aketi aambiwe.

*

Kisyeri alifika kwenye kambi ile kwa njia aliyofikia kila mahali, yaani kwa kupita. Alikwisha kuchunga ng'ombe wa watu, kubeba magunia ya pamba Mwanza, kuchimba dhahabu Geita na kutoka na kikohozi tu, kuvusha baiskeli Sirari. Shule alisoma tatu, hakumaliza hata moja. Kitu kimoja hakukiacha popote: litungu lake la nyuzi nane, alilorithi kwa baba yake kule Itiryo, na lililomfanya aitwe kwenye misiba ya kata zote, hadi kwa Waikoma na Wanata ambao si wa kabila lake. Uzee ulipomkuta, Wachina wakawa wanajenga barabara, wakataka mlinzi wa mchana langoni. Akakaa.

Gao alikuwa mpima wao. Mwembamba kama ufito, kofia ya majani, siku nzima ameinama kwenye kile chombo chao cha miguu mitatu. Vibarua wakamwita Bwana Darubini. Kiswahili alikiokota barabarani pamoja na vumbi. "Leo jua kali, rafiki," alikuwa akisema akipita langoni. "Mimi samaki kavu."

Siku walipogawa mabanda ya kulala, Gao alikataa banda la nne. Alisimama mlangoni na godoro kichwani, haingii, hatoki. Walipomuuliza, akanyoosha vidole vinne, halafu akalaza shingo upande na kutoa ulimi kama maiti.

"Nne. Kufa. Sauti ndugu," akasema. "Huyu anashuka. Huyu anashuka, anapanda. Ndugu."

Athanas, dereva wa greda, akacheka mpaka akashika goti. "Jamani, Mchina anaogopa hesabu! Tukimlipa elfu nne si atakimbia?"

Kisyeri hakucheka. Kikurya nacho kina kupanda na kushuka kwake, na mgeni akikosea anachekwa na watoto. Lakini hakuwahi kukutana na watu ambao sauti mbili zikifanana wanahama chumba.

Basi Jumapili moja mchana, kazi imelala, Kisyeri akawa langoni akipiga litungu. Gao akaja, akageuza debe, akakaa. Alisikiliza kichwa kimeinama vilevile kama anapima. Baadaye akaanza kugonga debe kwa vidole: mbili, akanyamaza kidogo, tatu. Mbili, kimya, tatu. Na juu ya ule mdundo wa vidole akawa anasema maneno yao, si kuimba, si kusema.

"Hilo nini?" Kisyeri akauliza.

"Shairi. Mama yangu, mimi mtoto." Akanyoosha tena vidole vinne, safari hii bila kufa. "Mstari nne. Huyu moja, huyu mbili, huyu nne, nyumba moja. Huyu tatu, safari. Anatoka. Nne anarudi nyumbani."

"Aa! Vina!" Kisyeri akapiga paja. Yalimrudia ya darasa la nne, mwalimu na kiboko chake, watoto wakihesabu mizani kwa vidole. "Hata sisi tunavyo, mura. Ila sisi wa tatu hatumfukuzi."

Gao hakujua neno vina, akafundishwa. Ikawa mchezo wao wa Jumapili. Kisyeri akajifunza kwamba kina cha Kichina hakitui kwenye irabu kama chetu. Kinamezwa puani, ng', kama mtu aliyezibwa mdomo katikati ya neno. Akajifunza pia kwamba kufanana hakutoshi. Sauti za nyumba moja lazima zibaki juu, zielee. Ya tatu, ya safari, lazima ianguke kama jiwe kisimani. Kwa ulimi ilimshinda. Neno la kwanza alilofundishwa lilikuwa chang', maana yake ndefu, na Athanas alipolisikia akaita kutoka kwenye greda, "Mzee, wametengeneza chang'aa? Niwekee kibuyu!" Lakini kwa nyuzi hakikumshinda kitu. Nyuzi nane zilipanda na kushuka kuliko koo lolote, na Gao akisikia litungu linasema neno lao, alikuwa akifumba macho.

Halafu dunia ikafunga milango kwa ajili ya korona. Mke wa Gao akafa kwao mwezi wa nane, na ndege hakuna. Siku tatu mfululizo Gao alisimama barabarani na chombo chake, ameinama, anachungulia upande jua linakotokea. Kule mbele hakukuwa na mtu wa kushika fimbo ya kupimia. Hakukuwa na kitu. Mkubwa wao akaambiwa, akaja, akamtazama, akarudi.

Jumapili akaja langoni na karatasi. Alikuwa ameandika mistari minne, sauti tano kila mstari. Mchana kutwa alimfundisha Kisyeri, sauti moja moja, mpaka litungu likaweza kulisema lote bila yeye. Maana alimpa kwa Kiswahili chake, na Kisyeri akaishika hivi: barabara ninayoijenga ni ndefu, maili elfu kumi; haifiki kijijini kwetu; nasikia umetangulia; mbele ya taa wali umepoa.

Kisha Gao akachukua mfuniko wa kopo la rangi, akaweka ile karatasi, akawasha kiberiti.

Kisyeri aliruka. "Mura! Unachoma barua ya mkeo?"

"Ndiyo." Gao akamzuia mkono. "Natuma. Moshi, yeye." Akaonyesha juu. Akaonyesha mdomo wa Kisyeri. "Hapa, mtoto wangu. Sasa mtoto hasira, simu hapokei. Iko siku atakuja. Usiongeze. Usipunguze."

"Siongezi, sipunguzi," Kisyeri akasema, na mkono akampa.

*

"Sasa ulipunguzaje?" Boke akauliza. Ndizi zilikuwa zimeanza kuwa nyeusi kwenye beseni.

"Ulikuwepo, Boke. Msibani kwa mama yako."

Boke akainamisha uso.

Mokami, mkewe, alikufa mwaka uliofuata, homa ya wiki mbili, kule Itiryo. Miaka thelathini Kisyeri alikuwa amewalilia wafu wa watu. Siku ya mfu wake mwenyewe akashika litungu, nyimbo zote zikawa zimechakaa. Huu alimpigia mzee fulani, huu alimpigia mwizi, huu aliupiga amelewa. Wimbo ambao haukuwa umemlilia mtu wa huku ulikuwa mmoja tu. Kwa hiyo akaupiga wa Gao. Na mpiga litungu wa kwao hamlilii mtu bila kumtaja. Baba yake alimfundisha hilo kabla ya kumfundisha kushika uzi: kilio kisicho na jina ni jeneza tupu. Kwa hiyo mstari wa tatu, pale Gao aliposema "wewe", Kisyeri akasema "Mokami". Neno moja tu.

Gao alikuwepo, amekuja na sukari na kofia yake mkononi. Alisikia. Kwamba mahali pa mkewe pamekaliwa na mwanamke mwingine, alisikia wazi kabisa. Baadaye alikuja akamwekea Kisyeri mkono begani, akakaa hivyo muda mrefu. Hadi leo Kisyeri hakujua kama ule ulikuwa msamaha au ilikuwa adabu ya mgeni.

Laiti ingekuwa imeishia hapo. Lakini watu walilia siku ile kuliko walivyozoea kulia, na sifa haina breki. Alipokufa Ryoba wakamwita: "Tupigie ule wa Mchina." Ryoba naye alitaka jina. Kumtoa Mokami amweke Ryoba ingekuwa kumfukua mkewe, jambo hilo Kisyeri hakuliweza. Ryoba akapewa nafasi ya jirani, na neno la Kichina lililokuwa pale likatoka. Kisha Judith. Kisha Machage. Kisha Athanas mwenyewe, greda lilipompindukia, na chang'aa zake na kicheko chake. Mmoja baada ya mwingine, Itiryo, Mugumu, Nata, Ikoma, kila maiti akaja akachukua neno lake na kukaa. Maneno ya mwisho wa mistari tu ndiyo yaliyobaki, maana jina haliwekwi mwisho, mwisho pana kazi. Ilikuwa kama nyumba iliyoezuliwa na upepo, bati zimekwenda, misumari imebaki kwenye mbao.

Angeweza kumwomba Gao amfundishe upya kabla hajahamishwa. Aliona haya. Kila Jumapili alisema Jumapili ijayo. Mwishowe likaja lori likabeba vitanda, na Gao akiwa nyuma, ameshika chombo chake kama mtoto mgonjwa.

Boke akavuta pumzi. "Tata, nikwambie kitu? Huyo binti hajawahi kulisikia. Pigapiga hapo, weka ching' weka chang', atalia machozi yake aende. Atajua nini?"

"Hatajua."

"Basi."

"Basi," Kisyeri akasema.

Asubuhi akatoka uani na litungu, akajaribu. Alichukua ile maana anayoikumbuka, akabuni sauti za kuijaza, akashusha ya tatu, akarudisha ya nne. Ilitoka vizuri. Ilitoka nyororo, mtu angeweza kuapa ni yenyewe, na hilo ndilo lililomtisha. Akajiuliza ni mara ngapi angelipiga hilo la uongo kabla yeye mwenyewe hajaliamini.

*

Walikuja saa nne. Agustina alikuwa msichana mnene mchangamfu, sare ya hoteli chini ya sweta. Min alikuwa na umri wa Boke hivi, nywele fupi, viatu vimejaa vumbi la njia ya Ikoma. Macho yalikuwa ya Gao, yale ya kupima. Alisema "Shikamoo" kwa mikono miwili, akampa Kisyeri kopo la majani ya chai. Boke akaleta chai ya maziwa, mgeni akainywa yote bila kukunja uso.

Kisha akaanza kusema, na Agustina akafuatisha.

"Anasema, mama yake alipokufa, yeye peke yake ndiye alimzika. Alimpigia baba yake akamwambia, kama umeshindwa kuja kumzika mkeo, usinipigie tena maisha. Baba akapiga. Hakupokea. Miaka miwili na zaidi, anapiga, hapokei. Siku aliyopokea, alikuwa mtu wa ofisini kwao, akimwambia baba yako hatunaye."

Min alikuwa ameshika kikombe kitupu.

"Anasema, sikuzote aliamini baba yake hakumlilia mama. Halafu akakuta daftari. Anataka kusikia alilia vipi. Hilo tu ndilo lililomleta, babu. Halafu anasema nikwambie, baba yake alikuwa wa kijiji ambacho wana sauti yao ya kusema, na yeye hakukulia huko. Hata sauti hiyo hana wa kumsikilizisha tena."

Kisyeri alilichukua litungu. Boke, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa jiko, akamkazia macho: lile nyororo, tata, lile nyororo. Vidole vya Kisyeri vilikuwa tayari juu ya nyuzi za uongo. Aliona kwamba akianza nalo hatasimama.

Akaanza lile la majina.

Alilipiga kama lilivyo. Mbili, kimya, tatu. Majina, na mwisho chang'. Majina, na mwisho jya shyang', kijijini kwetu, neno la sauti mbili. Min alikuwa akihesabu kwa vidole chini ya meza, simu yake ikirekodi. Aliposikia jya shyang' mkono ukaacha kuhesabu, ukafunika mdomo. Mstari wa tatu, chyu, ikaanguka. Wa nne ukaanza, Nikodemo, na Agustina aliyekuwa ameinama kumnong'oneza mgeni akanyamaza ghafla.

Litungu likatulia. Min akamgusa Agustina, akamgusa tena.

"Nikodemo," Agustina akasema kwa Kiswahili. "Nikodemo wa Ikoma? Huyo ni babu yangu. Nilikuwepo siku hiyo. Wewe ndiye ulikuja na viatu vya matairi. Mimi nilidhani... sikujua kwamba ni hili." Akajifuta kwa mkono wa sweta. "Samahani. Ngoja nimwambie."

Akamwambia. Alichukua muda. Kisyeri akamwomba amwambie yote, asipake asali popote: kwamba aliahidi, kwamba alivunja, kwamba majina ni kumi na tano na kila jina limekaa mahali pa sauti moja ya baba yake, na zimebaki tano.

Uso wa Min ukawa mweupe, kisha mwekundu. Alisema maneno machache, makavu.

"Anasema, watu kumi na tano wamekaa mahali pa mama yake."

"Ndiyo," Kisyeri akasema.

"Anasema, baba alikosea mtu wa kumwachia."

"Mwambie ndiyo."

Min akatoa karatasi na kalamu. Akaandika alama tano, akiziacha mbalimbali, na nafasi tupu katikati, mistari minne. Alitaka wajaze. Kisyeri akatoa maana aliyopewa, taa, wali, kupoa, na Agustina akaipeleka. Min akaandika, akasoma kwa sauti, akamtazama Kisyeri. Kisyeri akatikisa kichwa. Akafuta, akaandika namna nyingine, akasoma. Kisyeri akatega sikio mpaka mshipa wa shingo ukamtoka. Alijua pale palikuwa na sauti moja iliyopanda, halafu moja iliyoshuka, au zote mbili zilishuka. Alitafuta kwenye nyuzi. Kila alipoweka kidole akamkuta mtu: Judith, Machage, Athanas.

Mara ya tano au ya sita, Min akaweka kalamu chini.

"Anasema, maana hata yeye angeweza kuibuni. Wali umepoa, kila mfiwa anajua wali hupoa. Kuna njia kumi za kulisema na likaishia lyang'. Alitaka ile aliyochagua baba."

Nje mtu alikuwa akinadi nyanya. Boke alimwongeza mgeni chai, na mgeni hakuinywa. Ingawa maisha yake yote Kisyeri alijua kuondoka mahali, safari hii hakuinuka.

Ndipo Min akauliza kitu, kwa sauti ya chini. Agustina akasita kabla ya kukitafsiri.

"Anauliza, kati ya hayo majina, la baba yake lipo wapi?"

"Halipo," Kisyeri akasema. "Hatukujua amekufa. Hakuna aliyemlilia huku."

"Anauliza, kwenu, mtu asipotajwa inakuwaje?"

Kisyeri alifikiri kusema uongo mdogo, wa huruma. "Inakuwa jeneza tupu," akasema.

Wakaongea wenyewe kwa Kichina, wasichana wawili, vichwa karibu. Kisha Agustina akageuka.

"Anasema umweke."

"Pamejaa. Mwambie vizuri, mwanangu, asije akanilaumu tena. Nafasi za majina zimekwisha. Zimebaki zile sauti tano za baba yake. Nikimweka yeye, moja inatoka, na mimi nikishaitoa, kichwani kwangu hairudi. Achague mwenyewe ipi."

Min akavuta karatasi yake yenye alama tano. Alikaa nayo muda ambao Boke aliutumia kugeuza chapati tatu. Kidole chake kilipita chang', kikapita jya, nyumbani, hapo kikakaa kidogo, kikapita shyang'. Kikasimama juu ya chyu.

"Anasema hii. Maana yake ni kwenda." Agustina akaisogelea karatasi. "Anasema, ameshakwenda vya kutosha."

Basi Kisyeri akalipiga tena. Safari hii simu haikurekodi, ilikuwa imelala kifudifudi juu ya meza. Mstari wa kwanza, wa pili, ikarudi nyumbani. Mstari wa tatu ukatoka kwenda safari kama Gao alivyofundisha, ukapita kwa Mokami, ukafika mwisho, na mahali pa lile jiwe la kuanguka kisimani Kisyeri akasema, "Gao." Wala halikuanguka. Lilibaki juu, linaelea, kinyume cha kanuni, na wa nne ulipokuja haukuwa na mtu wa kumrudisha. Kwa watu wa kwao bila shaka lilikuwa kosa. Min alilaza kichwa mezani na kulia kwa sauti, mkono mmoja umeshika ukingo wa meza. Wateja wawili waliokuwa wakiingia wakavua kofia, wakabaki mlangoni.

Alipokwisha kulia alimwomba Boke kiberiti kwa ishara. Akauliza kwa macho kuhusu mfuniko wa sufuria, Boke akampa. Walitoka uani. Akaiweka ile karatasi ya alama tano na nafasi tupu, akaiwasha. Kisyeri safari hii hakuruka kuiokoa. Alisimama, akatazama moshi unavyopita juu ya bati za jirani, akijiuliza kama huko unakokwenda wanaweza kusoma kitu chenye matundu kiasi kile.

Wakati wa kuaga, Min alimshika mikono. Hakusema amesamehe, na Agustina hakumwongezea maneno. Gari likaondoka na njia ya Ikoma.

*

Mwezi haukuisha, akafa mzee mmoja Itiryo, mtu wa ng'ombe wengi na wake watatu. Wakamtuma Jackson, mwanawe mkubwa, na pikipiki hadi Mugumu kumchukua Kisyeri. Akaenda. Akakaa mahali pake, akapiga wimbo mmoja wa zamani, ule aliowahi kumpigia mwizi. Aliupiga vibaya. Jina la mzee alilitaja panapotakiwa, lakini watu wakaanza kutazamana, wajane wakapunguza kilio.

Jackson akaja akachuchumaa karibu. "Mzee, heshima yako. Baba yangu aliniambia kwa mdomo wake, siku nikifa nataka ule wa Mchina. Mbona unatupigia huu?"

"Ule hauwezekani."

"Kwa nini? Umeusahau?"

Kisyeri alijaribu, kwa haki ya marehemu, kutafuta lile neno lililokuwa mwisho wa mstari wa tatu. Alijua lilikuwepo. Alijua lilianguka. Vidole vyake vikaenda pale vikamkuta Gao, na kofia yake ya majani.

"Umejaa, mura," akasema. "Hakuna pa kumweka mtu."